Majivu ya Baba na Malango ya Mfereji: Kisa cha Familia Iliyofika Haridwar Maji Yakiwa Yamefungwa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha familia moja ya Kihindu ambayo imeishi nje ya India kwa vizazi vitatu. Kwa makubaliano nao nimeondoa majina yao, nchi wanakoishi, mwaka wa safari na chochote kinachoweza kumtambulisha wakala aliyewapangia. Wahusika nawaita kwa nafasi zao nyumbani: Mama, Kaka, Dada na Mdogo. Dada alinipigia simu usiku uleule tatizo lilipozuka, kwa kuwa kazi yangu ni kuwashauri watu wanaokwenda kwenye maeneo matakatifu ya bonde la mto Ganga (Ganges) huko India. Baadaye nilizungumza na kila mmoja wao peke yake. Pale masimulizi yao yanapotofautiana, nimesema.

Nimekiandika kwa kirefu kwa sababu waandaaji wengi wa safari hizi wanaujua mto kwa upande mmoja tu. Wapo wanaojua ibada, siku njema na siku mbaya, nani ashike chungu na nani asome dua. Wapo wanaojua treni, barabara na majira ya mvua. Familia hii ilikwama katikati ya elimu hizo mbili, na ilikwama mahali ambapo watu wameshabishana kwa zaidi ya miaka mia moja.

Agizo la marehemu

Baba alifariki akiwa mzee. Mwili ulichomwa kwa desturi yao huko wanakoishi, na mabaki ya mifupa na majivu, ambayo Wahindu huyaita asthi, yakawekwa ndani ya chungu cha shaba na kufungwa kwa kitambaa chekundu. Kabla ya kufa aliacha neno moja: apelekwe Ganga. Hakusema wapi kwenye Ganga, na hakuna aliyemuuliza.

Kila mmoja akajaza pengo hilo kivyake. Kaka, mwana wa kwanza wa kiume na ndiye mwenye wajibu wa kutimiza ibada, hakuwa na shaka kwamba baba alimaanisha Har Ki Pauri, ghati, yaani ngazi za kushukia mtoni, maarufu kuliko zote mjini Haridwar. Tangu utotoni alikuwa akisikia kwamba babu yao alipelekwa huko. Kwake, mtoto kumfuata baba yake mahali palepale kulikuwa nusu ya ibada yenyewe.

Mama hakuwa na ghati yoyote akilini. Alichokitaka ni maji yanayokwenda. Alinieleza kwa kunisimulia habari za Mfalme Sagara, ambaye wanawe 60,000 waliteketezwa na ghadhabu ya mtawa Kapila, majivu yao yakabaki bila mtu wa kuwaokoa. Vizazi vikapita hadi akazaliwa Bhagiratha, aliyejitesa kwa ibada ya miaka mingi mpaka Ganga, mungu wa kike wa mto huo, akakubali kushuka kutoka mbinguni. Mungu Shiva akampokea kwenye nywele zake ili kishindo cha maji kisiivunje ardhi. Kisha Ganga akamfuata Bhagiratha mpaka chini kabisa, akayapitia yale majivu, na wafu wakavuka. Kwa Mama, kiini cha simulizi hii ni kwamba maji yalitembea. Yalikuja yakamchukua mtu. Maji yaliyosimama hayamchukui mtu yeyote, alisema.

Haya mawili hayakuwahi kugongana nyumbani kwa sababu kila mmoja aliamini kwamba huko Haridwar yote mawili yako pamoja. Na kwa sehemu kubwa ya mwaka, yako pamoja kweli.

Wakala alipanga wafike siku chache baada ya sikukuu ya Dussehra. Sababu zake zilikuwa nzuri. Mvua za monsuni hunyesha Juni hadi Septemba, mto ukajaa matope na barabara za milimani zikakatwa na maporomoko. Oktoba anga husafika, joto hupungua, na umati wa kipindi cha kuwakumbuka wahenga, Pitru Paksha, unakuwa umeshatawanyika. Kwa mtu anayetazama hali ya hewa pekee, hakuna wiki bora kuliko hiyo.

Mto wenyewe

Ganga una urefu wa takriban kilomita 2,500. Chanzo chake kinachoheshimiwa ni Gaumukh, mahali maji yanapochomoka chini ya barafu ya Gangotri katika jimbo la Uttarakhand, karibu meta 4,000 juu ya usawa wa bahari. Lakini maji yanayotoka hapo bado hayaitwi Ganga. Yanaitwa Bhagirathi, kwa heshima ya yule Bhagiratha. Yanapita bonde refu, yanazuiwa na bwawa la Tehri lenye ukuta wa zaidi ya meta 260, kisha yanafika Devprayag na kukutana na mto Alaknanda. Kuanzia hapo ndipo mto unapoitwa Ganga.

Ukipima kwa vyombo, Alaknanda ndiyo inayoleta maji mengi zaidi. Hata hivyo imani imemchagua Bhagirathi kuwa mama wa mto. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo somo la kwanza kwa mtu anayeandaa safari ya aina hii: mto huu una ramani mbili, moja ya maji na moja ya utakatifu. Zinafuatana sehemu nyingi, na mahali fulani zinaachana bila yeyote kuwa amekosea.

Kutoka Devprayag mto unapita kwenye makorongo hadi Rishikesh, kisha Haridwar, ambako uko meta mia tatu na kidogo tu juu ya usawa wa bahari. Hapo milima inaisha ghafla na tambarare inaanza. Haridwar ni mmoja wa miji saba mitakatifu ya Wahindu, na ni mmoja wa miji minne ya Kumbh, mkusanyiko mkubwa wa mahujaji, pamoja na Prayagraj, Ujjain na Nashik. Waumini wanaamini tone la kinywaji cha uzima wa milele lilidondoka kwenye kidimbwi cha Brahmakund, chini ya ngazi za Har Ki Pauri. Mahali ambapo mungu wa kike anatoka milimani na kuwajia watu wa tambarare lazima paheshimiwe.

Wahandisi nao walipapenda hapohapo, kwa sababu ileile. Mto bado una nguvu ya mteremko, haujatawanyika, na mbele yake kuna maelfu ya mashamba yaliyo chini kuliko maji. Baada ya njaa kali ya mwaka 1837 na 1838 katika eneo lililo kati ya mito ya Ganga na Yamuna, mhandisi Mwingereza Proby Cautley alisimamia uchimbaji wa Mfereji wa Juu wa Ganga, uliofunguliwa mwaka 1854 na unaofanya kazi hadi leo.

Sasa lije jambo ambalo kisa chote kinalitegemea. Pale Haridwar mto umegawanyika. Juu kidogo ya mji, huko Bhimgoda, kuna kizuizi chenye malango. Mkondo wa asili, unaoitwa Neel Dhara, unapita upande wa mashariki chini ya kilima cha hekalu la Chandi Devi. Mkondo wa magharibi ndio unaopita mjini, mbele ya Har Ki Pauri, kisha unaingia mferejini huko Mayapur. Yaani maji anayooga hujaji katika ghati takatifu kuliko zote Haridwar yanafika hapo kwa sababu kuna mtu amefungua lango. Na kila mwaka mfereji hufungwa ili kuondoa mchanga na kukarabati kuta. Kwa kawaida hufungwa usiku wa Dussehra na kufunguliwa karibu na Diwali, inayofika siku ishirini baadaye.

Walichokikuta

Familia ilishuka kwenye treni kutoka Delhi alasiri, ikaacha mizigo, ikaenda moja kwa moja Har Ki Pauri kuwahi sala ya jioni ya taa. Kaka alitaka Mama aione kwanza kwa raha, kabla ya siku nzito ya kesho yake.

Dada ndiye aliyenieleza vizuri zaidi. Umati ulikuwepo, kengele zilikuwa zikilia, makuhani walisimama na taa zao za shaba zenye ngazi za moto. Lakini ngazi za ghati zilishuka, zikashuka, zikaishia kwenye mawe. Maji yalikuwepo, ya kufunika kifundo cha mguu. Upande wa pili, mahali ambapo siku nyingine mkondo humwangusha mtu mzima asiyeshika mnyororo, wanaume na watoto walikuwa wameinama wakichekecha changarawe wakitafuta sarafu na vipande vya dhahabu vilivyotupwa na waumini mwaka mzima.

Mama alikaa kwenye ngazi bila kusema neno mpaka sala ikaisha. Halafu akamwambia Kaka, "Mwanangu, baba yako simwachi hapa."

Kaka alijaribu kumweleza kwamba mahali ni palepale, takatifu vilevile. Mdogo, ambaye alikuwa ameshaanza kutafuta majibu kwenye simu, alisoma kwa sauti kwamba mfereji umefungwa kwa ukarabati. Anasema alidhani anasaidia. Lakini neno "mfereji" lilimwingia Mama vibaya. Hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba kinachopita hapo kinaitwa mfereji. Wakarudi hotelini wote wanne wamenuna, na chungu kikalala juu ya meza kati ya vitanda viwili.

Njia zilizokuwa mezani

Dada aliponipigia walikuwa wameshataja njia nne, na kila moja ilikuwa na mtetezi wake.

Ya kwanza ni kuendelea Har Ki Pauri kama ilivyopangwa, au kwenda Sati Ghat ya Kankhal kusini kidogo, ambako watu wengi humimina mabaki ya wafu wao. Kaka aliitetea. Tatizo ni kwamba Kankhal nako hutegemea maji ya upande uleule.

Ya pili ni kungoja Diwali. Tiketi za kurudi na likizo za kazi ziliizika dakika ileile.

Ya tatu ni kwenda Prayagraj, makutano ya Ganga na Yamuna, ambako imani inauongeza mto wa tatu usioonekana, Saraswati. Mdogo ndiye aliyeileta. Ni mahali patakatifu pasipo na mjadala na maji hayakosekani. Lakini ni safari ya usiku mzima kwa treni, kwa mama mwenye magoti mabovu, kisha mashua. Isitoshe, nasaba yao haikuwa na kuhani huko.

Ya nne ni kupanda hadi Devprayag, yapata kilomita 70 kutoka Rishikesh kwa barabara ya mlimani. Dada aliipenda na nilimwelewa: pale unaona kwa macho mito miwili ya rangi mbili ikikutana na Ganga akizaliwa. Nikamwuliza swali moja tu, Mama anashukaje? Ngazi za makutano yale ni kali, mkondo una nguvu, na watu hujishikilia kwenye minyororo iliyofungwa mwambani.

Ya tano haikuwa na mtetezi kwa sababu hakuna aliyekuwa akiijua: Neel Dhara. Niliitaja mimi. Nikamwambia Dada jambo ambalo naona ndilo lililogeuza mazungumzo. Maji hayajakauka. Malango ya upande wa mfereji yakifungwa, maji yaliyokuwa yakienda huko hurudi kwenye mkondo wa asili. Ganga waliyemkosa Har Ki Pauri alikuwa anapita upande wa pili wa kisiwa kilicho kati ya mikondo hiyo miwili, karibu na mahali walipolala.

Dada alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama hilo ni jambo la kumwambia Mama usiku ule. Nilimshauri asimwambie yeye. Amwachie kuhani asubuhi.

Daftari la kuhani

Sababu ya ushauri huo ni hii. Haridwar kuna makuhani wa nasaba, wanaoitwa panda, na kila ukoo una wake kulingana na kijiji walikotoka mababu. Huyatunza madaftari marefu, vahi, yaliyoandikwa kwa mkono kizazi baada ya kizazi: nani alikuja, amezaliwa na nani, amemleta nani. Familia zilizokaa ng'ambo miaka sabini hukuta jina la babu yao limeandikwa pale. Kuhani wa namna hii ana kitu ambacho mshauri kama mimi hana. Ni mtu wa nyumbani kwao, hata kama hawajawahi kumwona.

Asubuhi walimpata, mzee, na baada ya kuulizwa kijiji na ukoo alilitoa daftari na kulifungua mahali penyewe. Jina la babu lilikuwepo. Jina la baba lilikuwepo pia, akiwa kijana, kwa kuwa ndiye aliyeleta asthi za babu. Mama alilia alipoona mwandiko wa mumewe. Kaka aliomba asomewe ni ghati gani. Kuhani akasoma mstari wote: majina, kijiji, wana, siku ya mwezi. Ghati haikuandikwa.

Kaka aliniambia hapo ndipo kitu kilipolegea ndani yake. Hakuwa amekosea lazima, huenda babu alimiminwa palepale Brahmakund. Lakini daftari lililoitunza familia yake lilijali *nani* na *lini*, na lilikaa kimya kuhusu *ngazi*.

Kisha Mama akamwuliza kuhani swali lake bila kuzunguka. Ganga iko wapi?

"Mataji," mzee akajibu, "maji machache ya pale chini ni Ganga, na ukiyagusa umemgusa. Lakini kama moyo wako unataka kumwona akitembea, siku hizi anatembea Neel Dhara. Twende nikuonyeshe."

Uamuzi na utekelezaji

Waliamua kuigawa ibada kwa sehemu mbili. Dua za mwanzo, matonge ya mchele ya kuwalisha wahenga yanayoitwa pinda, na kuandikwa kwa ziara yao daftarini vilifanyika karibu na Brahmakund, Kaka akiwa ameketi na miguu yake ndani ya maji yale machache. Kumimina kulifanyika Neel Dhara alfajiri ya kesho yake.

Naona sababu za kugawa hivi zinastahili kuelezwa, maana kwa nje yanaweza kuonekana ni maafikiano ya kuridhisha pande mbili tu. Katika mpangilio wa ibada hiyo, sehemu ya kwanza inahusu mahali na nasaba: unataja ukoo wako, unataja mji, unajitambulisha mbele ya wahenga. Sehemu ya pili inahusu mwendo: unaachilia. Kaka alikuwa ameshikilia ya kwanza na Mama ya pili. Hakuna aliyenyang'anywa chake.

Pia kulikuwa na mambo madogo ya lazima. Neel Dhara haina ngazi nyingi za kustarehesha kama za mjini, kwa hiyo kuhani alichagua mahali penye ukingo mpana na changarawe ngumu, Mama akaketi kwenye kiti cha kukunja karibu kabisa na maji. Chungu cha shaba hakikutupwa. Kilisuuzwa, kikarudi nao. Maua yalitolewa kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kufika mtoni, kwa sababu tangu mwaka 2017 mahakama ya mazingira ya India imeweka faini ya rupia 50,000 kwa anayetupa taka Ganga kuanzia Haridwar hadi Unnao. Kuhani aliwaambia hata bila mahakama asingeruhusu.

Kaka aliingia hadi magotini, akamimina akiwa ameelekea kusini, upande wa wafu. Mkondo ulikuwa wa nguvu na wa baridi ya milimani. Mdogo alimshika mkono kwa nyuma. Ilichukua muda mfupi sana, wote wanne wameniambia hivyo kwa maneno tofauti.

Matokeo

Mama aliridhika na bado ameridhika. Anasimulia safari ile kwa wageni.

Kaka hakuridhika kabisa. Anakubali kwamba wajibu umetimia, lakini anasema alikuwa amejiona miaka mingi akifanya jambo hilo kwenye ngazi zile, na picha hiyo haikutimia. Dada na Mdogo hawana la kulalamikia ila siku moja iliyopotea na fedha za gari ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Wakala alipoulizwa alisema hakuwahi kusikia habari za kufungwa kwa mfereji, na sioni sababu ya kutomwamini.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilifanyika miezi kadhaa kabla ya safari. Tarehe ilichaguliwa kwa kutazama mvua, na mvua ni nusu tu ya mambo yanayoamua maji yawe wapi Haridwar. Nusu nyingine ni malango, na malango yana kalenda yake, inayofuata sikukuu. Inauma kwamba kalenda hiyo haijafichwa. Idara ya umwagiliaji ya jimbo la Uttar Pradesh, inayoendesha mfereji, hutangaza kufunga kila mwaka, na kila muuza chai wa Haridwar anajua. Aliyepanga safari alikuwa mbali na muuza chai.

Jambo la pili lililoharibika ni jinsi habari ilivyofika. Mdogo alisoma habari ya kweli, kwa nia njema, mbele ya mama aliyefiwa, mara tu baada ya sala. Kwa sikio la Mama, habari ile ilisema: tumekudanganya, hapa si mtoni. Saa kumi na mbili baadaye kuhani alisema karibu kitu kilekile, kwamba maji yamegawanywa na sasa yako upande ule, na Mama akasikia: Ganga yuko hai, amehamia pale. Tofauti ilikuwa kwa msemaji na mpangilio wa maneno. Kuhani alianza kwa kuthibitisha kwamba maji machache ni Ganga kamili, ndipo akaonyesha yaliko mengi. Ningependa kila anayewaongoza watu kwenye maeneo haya aujue mpangilio huo.

Sasa, je, Mama alikuwa mkali kupita kiasi? Dada aliniuliza hilo. Nilimjibu kwa historia, kwa sababu swali la Mama ndilo lililowahi kuwakalisha meza moja watawala wa kikoloni na viongozi wa Kihindu.

Tangu mwanzo wa ujenzi wa mfereji makuhani wa Haridwar walipinga maji ya Ganga kufungiwa, na Cautley aliwakubalia kuacha mwanya kwenye kizuizi ili mto usizibwe kabisa. Miongo kadhaa baadaye serikali ya kikoloni ikaanza kujenga kazi mpya pale Bhimgoda, na kuanzia mwaka 1914 mgogoro ukawaka. Waumini hawakudai maji zaidi ya kunywa wala ya mashamba. Walidai kwamba maji yaliyopita langoni kwa ruhusa ya mhandisi hayawezi kuhesabiwa sawa na mto unaokuja kwa hiari yake. Madan Mohan Malaviya, kiongozi wa Kihindu, ndiye aliyesimama mbele katika madai hayo, akiungwa mkono na maharaja kadhaa. Desemba 1916, Haridwar, wakafikia makubaliano na Sir James Meston, gavana mdogo wa Majimbo ya Muungano ya India ya wakati huo: mwanya usiozibwa ubaki, na mkondo wa Har Ki Pauri usikose angalau futi za ujazo 1,000 za maji kwa sekunde, takriban meta za ujazo 28.

Mhandisi na mchaji walikubaliana juu ya tarakimu ya imani. Sijui mto mwingine wenye mkataba wa namna hiyo, na kila ninaposoma habari zake naguswa upya. Watu wale walielewa kwamba mwendo wa maji ni sehemu ya utakatifu, na kwamba mkulima wa chini naye anataka kula. Hakuna upande uliomcheka mwenzake.

Swali halikufa. Mwaka 2016 serikali ya jimbo la Uttarakhand ilitoa amri iliyoutaja mkondo unaopita Har Ki Pauri kuwa mfereji wa kutolea maji ya ziada, jambo lililohusiana na masharti ya ujenzi kando ya mto. Makuhani wa Haridwar waliipinga kwa miaka, na mwaka 2020 amri ikafutwa. Kwa hiyo Mama alipochomwa na neno "mfereji" alikuwa akichomwa na neno lilelile lililowafanya makuhani waingie barabarani kupinga. Hakuwa mkali. Alikuwa ndani ya mjadala mkubwa bila kuujua.

Na Kaka je? Naye alikuwa na hoja yenye mizizi. Mapokeo ya mahali patakatifu, tirtha, hayategemei kina cha maji. Hujaji anayefika Brahmakund wakati wa ukarabati na kujipaka tone kwenye paji la uso hahesabiwi kuwa amekosa. Kosa la wote waliokuwa chumbani usiku ule lilikuwa kuchukulia kwamba mmoja wao lazima awe amekosea, wakati dini yao wenyewe imezibeba hoja zote mbili kwa karne nyingi bila kuzilazimisha zichaguane.

Kilichofanya kazi vizuri ni daftari. Sikulitarajia lifanye zaidi ya kutoa faraja, lakini kwa kukaa kimya kuhusu ghati lilimpa Kaka nafasi ya kurudi nyuma bila aibu, na halikumpa Mama ushindi wa kumwonyesha mwanawe. Ninapowashauri watu sasa, naomba ziara kwa kuhani wa nasaba iwe jambo la kwanza baada ya kufika, kabla hata ya sala ya jioni. Na watu wanaoishi ng'ambo wampigie simu kabla ya kununua tiketi. Wengi wao wana simu, na wanajua usiku ambao malango yatafungwa.

Kilichokosekana hadi mwisho ni mazungumzo na Baba mwenyewe alipokuwa hai. Neno "Ganga" lilimtosha yeye. Anayesikiliza wosia wa namna hii aulize maswali mawili ya ziada: mji gani, na kwa nini huo. La pili ndilo linaloweza kumsaidia mtoto pale mji unapokuwa na shida.

Kaka ananiandikia bado. Anataka kurudi kwa ajili ya kumbukumbu ya baba yake na kuketi kwenye ngazi zile maji yakiwa yamejaa. Nimemshauri achague siku ndani ya Pitru Paksha, kwa kuwa kipindi hicho huisha kabla ya Dussehra na malango huwa bado wazi. Mvua zitakuwa zinaelekea ukingoni, maji yatakuwa na matope kidogo na umati utakuwa mkubwa. Amesema matope hayamsumbui.